Bahari Nyuma ya Kiti

Roma, filamu ya Alfonso Cuarón ya mwaka 2018, haina muziki uliotungwa kwa ajili yake. Nyimbo zinazosikika zinatoka redioni au mtaani, ndani ya hadithi yenyewe. Kazi ambayo kwingine hufanywa na muziki, hapa inafanywa na mahali sauti ilipo. Kamera inageuka polepole na sauti zinageuka nayo: iliyokuwa mbele yako inahamia ubavuni, kisha mgongoni. Ndivyo tunavyokaribishwa katika nyumba anamofanya kazi Cleo, mtumishi wa ndani, Jiji la Mexico, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Nimeitazama mara mbili kutoka kwenye seva yangu ya nyumbani, faili lile lile lililotoka kwenye diski ya Blu-ray. Sauti yake iko katika Dolby TrueHD, iliyobanwa bila kupoteza hata biti moja. Mara ya kwanza runinga haikuielewa, na seva, bila kuniuliza, ikaikunja ikawa chaneli mbili. Mara ya pili niliiacha ipite kama ilivyo hadi kwenye amplifaya, spika zikiwa zimenizunguka.

Wapenzi wa vyombo vya sauti hubishana sana kuhusu biti zinazopotea. Sidhani kama sikio langu lingezikosa. Kilichopotea mara ya kwanza ni mahali. Kule ufukweni, Cleo, asiyejua kuogelea, anaingia majini kuwafuata watoto, na kamera inakwenda naye ubavuni. Katika chaneli mbili mawimbi yaliunguruma ndani ya runinga, nilimwogopea. Katika sauti kamili wimbi lilinipita na kuvunjikia nyuma ya kiti; niliogopa pamoja naye.

Ndiyo maana, anaposema mtu kwamba filamu hii inamtazama mtumishi kwa mbali, namuuliza kwanza aliisikiaje. Picha kweli haimsogelei Cleo sana. Sauti ndiyo inayoufuta umbali huo, na aliyeisikia imekunjwa amehakiki nusu ya hoja ya Cuarón.

Hata hivyo, lawama moja inabaki. Cleo husema machache mno kuhusu nafsi yake. Hata ungepanga spika hadi darini, hakuna itakayotamka maneno ambayo hakuandikiwa.