Jicho la Pili

Picha zimekuwa nyingi, maneno ya kuzisemea yamekuwa machache. Mpigapicha wa ridhaa huamka alfajiri, akalivizia jua likichomoza nyuma ya ngalawa, akarudi na picha mia mbili, akachagua moja na kuwatumia wenzake. Anachorudishiwa ni kidole gumba, au neno moja: "Kali!" Hapo shauri limekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba upeo wa bahari umelala upande kana kwamba maji yatamwagika. Kwamba mlingoti umeota utosini mwa mvuvi. Kwamba lenzi imeshika kamba ya mbele na kuuacha uso ukunguni. Wote wameyaona, wote wamenyamaza, na kila mmoja anadhani amemtendea wema. Hawakumtendea wema. Upigaji picha wa ridhaa ni ufundi unaokaa katika kusahihishana zaidi kuliko katika kamera, na kusahihishana kukifa, ufundi nao hufa, hata kama kamera zinaboreshwa kila mwaka.

Sababu yake imo katika kazi yenyewe. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe: methali hii tumezoea kuitumia kwa kulaumu, lakini kwa mpigapicha ni kanuni ya kazi. Aliyepiga picha alikuwepo. Alisikia mawimbi, alihisi ubaridi wa asubuhi, aliongea na yule mvuvi, na akiitazama picha yake huyaona yote hayo ingawa hayamo. Mtazamaji hana ila mwanga na kivuli ndani ya pembe nne. Kwa hiyo mwenye picha ndiye shahidi asiyefaa kuitolea hukumu, na mabingwa tunaowakumbuka walilijua hilo. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, alikuwa kwanza amefanya kazi katika studio ya mpigapicha mwingine, Gomes. Seydou Keïta wa Bamako alikuwa seremala. Alipewa kamera ndogo ya Kodak Brownie mwaka 1935, na kusafisha picha akafundishwa na Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyependa kamera, kabla ya kufungua studio yake mwaka 1948. Mtu atasema: mbona Omar Said Bakor wa Lamu, yule aliyeunganisha picha mbili tatu zikawa ndoto moja, alijifundisha mwenyewe? Ni kweli, lakini naye alikuwa na studio, na studio ina wateja, na mteja asiyejitambua kwenye picha aliyoilipia hanyamazi. Hata aliyejifundisha mwenyewe alikuwa na jicho la pili, tena lililotoa fedha.

Tazama jambo moja tu kwa karibu: mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, saa sita mchana. Hakuna picha iliyo ya pwani yetu kuliko hiyo, wala inayoharibika upesi kuliko hiyo. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kanzu wala chokaa. Kimeundwa kuamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni kijivu. Kikiona weupe umejaa, hudhani mwanga umezidi, kikaupunguza. Kanzu hutoka na rangi ya jivu, uso huzama gizani, na macho hugeuka mashimo mawili kwa kuwa jua liko utosini. Anayejifunza huilaumu kamera, akaanza kudunduliza fedha anunue nyingine. Mwenzake anayejua humwambia mambo mawili. La kwanza, aongeze mwanga hatua moja zaidi ya kamera inavyotaka. La pili, amtoe yule mtu juani, amkalishe barazani penye kivuli, uso wake uelekee ukuta wa jirani ng'ambo ya kichochoro. Ukuta ule mweupe unaopigwa na jua ndio taa. Hurudisha mwanga mpana na mpole, unaoingia chini ya nyusi, ukayafikia macho, ukaonyesha kila kunyanzi bila kuchoma uzi mmoja wa tarizi ya kofia. Taa hiyo haiuzwi popote. Vichochoro vya Lamu na Mji Mkongwe vimejaa taa za namna hiyo, na mtu anaweza kupita chini yake miaka kumi bila kuziona, mpaka siku mwenzake atakapomwonyesha kwa kidole.

Ujuzi wa aina hii hatukuletewa kutoka kiwandani. Kodak ilipozigawia maabara kadi za kulinganishia rangi, zile zilizoitwa Shirley, mwanamke aliyechapwa juu yake kwa miaka mingi alikuwa mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote. Namna ya kuutendea haki uso mweusi ilibidi itafutwe na wapigapicha wenyewe, kisha ipite kinywa kwa kinywa, kutoka kwa aliyeharibu picha nyingi kwenda kwa aliyeharibu chache. Tukiacha kuambiana, tunakatisha mnyororo ambao hakuna kiwanda kilichowahi kuufua.

Cha kusikitisha ni kwamba kuambiana hakujawahi kuwa rahisi kama sasa. Zama za filamu ya picha 36, aliyetaka kujua kosa lake ilimbidi aandike daftarini kasi ya shata na upana wa tundu la lenzi kwa kila picha, kisha angoje filamu isafishwe. Picha ya dijitali hubeba daftari hilo tumboni mwake: kasi, tundu, ISO, lenzi, hata saa na dakika. Mwenye ujuzi akilifungua, huliona kosa kama mganga anavyouona ulimi. Lakini picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa na kuvuliwa maelezo hayo. Ikitumwa kama dokumenti, hufika nzima. Ni tofauti ya kugusa kioo mara mbili tatu, na ndiyo inayomtenga anayetafuta sifa na anayetafuta ufundi. Walio wengi wamechagua njia fupi.

Wapo watakaosema kwamba mashine imelimaliza tatizo. Simu za leo hupiga picha kadhaa kwa mpigo, zikaziunganisha, zikaung'arisha uso zenyewe. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini simu haitamwambia mtu ahame hatua tatu, wala asubiri mtoto amalize kucheka. Wengine watasema masomo ya video yamejaa mtandaoni. Nayo ni kweli, ila somo la video hufundisha picha zote na halijui hata moja. Mwenzako huzungumzia hii, uliyoipiga jana. Hoja nzito zaidi ni ya wale wanaosema kwamba ukosoaji huwavunja moyo wanaoanza, na kwamba sanaa ni ladha. Wanastahili kusikilizwa, kwa kuwa wapo wanaokosoa ili waonekane wanajua, na hao wamewafanya wengi waziweke kamera kabatini. Dawa ya hilo ni adabu, wala si kimya. Mshauri mwema huanza kwa kuuliza: upeo huu uliuinamisha kwa kusudi? Jibu likiwa ndiyo, ladha inaheshimiwa. Likiwa siyo, ufundi unafundishwa. Naye mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa isiyo na sababu haimjengi anayeanza. Humwacha palepale, akitabasamu.

Tulikuwa na vioo vya studio vilivyotundikwa picha kando ya barabara, ambako mpita njia alisimama, akatazama, akasema lake kwa sauti. Vingi vimekwisha, na hakuna mahali pengine tulipopajenga pa kusimama muda ule. Picha sasa hupita chini ya kidole kabla jicho halijafika pembeni mwake. Tumeuita upigaji picha huu wa ridhaa, yaani mtu huufanya kwa kupenda kwake, bila kulipwa. Basi malipo yake pekee yalikuwa macho ya wenzake, na hayo ndiyo tuliyoanza kumnyima.

Ukitumiwa picha leo, usikimbilie kidole gumba. Iombe kama dokumenti, ifungue, itazame mpaka kwenye pembe zake nne, kisha mwambie mwenzako jambo moja lililosimama vizuri na jambo moja la kurekebisha.