Doa la Arseniki: Jinsi Orfila Alivyopima Maiti ya Lafarge

Septemba 1840, mahakama ya Tulle nchini Ufaransa ilikuwa na majibu yanayopingana kuhusu maiti moja. Charles Lafarge, mwenye kiwanda cha chuma, alifariki Januari baada ya kutapika kwa siku kadhaa, na mkewe Marie akashtakiwa kumlisha arseniki. Wakemia wa kwanza walidai wameiona tumboni. Waliokuja na kipimo kipya hawakuona kitu mwilini, hata kaburi lilipofukuliwa, ilhali katika vinywaji vilivyochukuliwa nyumbani waliikuta. Ndipo akaitwa Mathieu Orfila, bingwa wa elimu ya sumu kutoka Paris.

Kipimo hicho kilibuniwa na Mwingereza James Marsh, aliyekitangaza mwaka 1836. Kabla ya hapo aliwahi kutoa ushahidi katika kesi ya kijana aliyedaiwa kumtilia babu yake arseniki kwenye kahawa. Mashapo ya manjano aliyoyapata maabarani yaliharibika kabla ya wazee wa baraza kuyaona, na mshtakiwa akaachiwa. Marsh akataka ushahidi utakaoonekana kwa macho na kudumu.

Njia yake ni hii. Sampuli iliyovunjwavunjwa kwa kemikali hutiwa katika chupa yenye zinki na asidi ya salfuriki. Zinki na asidi hutoa haidrojeni. Arseniki ikiwemo, huungana nayo ikawa gesi ya arsini, ambayo nayo ni sumu kali. Gesi hutoka kwa mrija mwembamba na kuwashwa kwenye ncha yake. Mpimaji husogeza kisahani cheupe cha kauri, baridi, hadi kiguse mwali. Arseniki ikiwemo, doa jeusi lenye mng'ao wa chuma hujitokeza hapo hapo. Mwali usipodhibitiwa, doa hukosekana, na mpimaji huandika kwamba hakuna sumu.

Orfila alipata doa. Ila kwangu mimi, uzito wa kazi yake hauko hapo. Zinki ya siku zile mara nyingi ilikuwa na arseniki ndani yake, na asidi vilevile. Mtu angeweza kupima maji matupu akapata doa. Kwa hiyo alipima kwanza kemikali zake peke yake. Kisha akapima udongo wa makaburini, kwa kuwa arseniki ya ardhini ingeweza kudaiwa kuingia katika maiti iliyozikwa kwa miezi. Wakemia wa pale walikuwepo wakishuhudia. Alipoingia mahakamani hakusema tu kwamba sumu ipo. Alieleza pia kwamba haikutoka kwenye vitendanishi wala kwenye udongo uliozunguka jeneza, na kwa nini wenzake waliikosa.

Huo ndio utaratibu ambao maabara za sumu zinaufuata mpaka leo: kila kundi la sampuli hupimwa pamoja na sampuli tupu, isiyo na kitu kinachotafutwa. Ripoti ya mkemia inayotaja kiasi cha sumu bila kuonyesha majibu ya sampuli tupu haijakamilika, na wakili ana kila haki ya kuyadai.

Hata hivyo, kisahani cha kauri hakikuweza kusema arseniki ilifikaje kinywani. Marie aliinunua, kwa maelezo yake, ili kuua panya, na poda nyeupe isiyo na harufu ingeweza kutapakaa katika nyumba ile. Mkemia François-Vincent Raspail, aliyeitwa na upande wa utetezi ili ahoji matokeo ya Orfila, aliwasili hukumu ikiwa imeshatolewa. Hoja zake hazikupata kujaribiwa mbele ya wazee wa baraza, na hapo naona mahakama ilifanya haraka kupita ilivyostahili. Marie alihukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Aliachiwa mwaka 1852 akiwa mgonjwa, akafariki mwaka huohuo, akiendelea kushikilia kwamba hakumuua mumewe.