Mbachao na Msala Upitao

Wazee wa pwani walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka mkuukuu uliokwisha kuchakaa, msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mtu akiisikia methali hii kwa haraka hudhani kuwa yasifu ukuukuu na kushutumu uzuri. Lakini isome tena, msomaji wangu. Hapana neno ndani yake lisemalo kwamba mbacha ni bora kuliko msala. Lisemwalo ni kwamba mbacha ni wako, na msala wapita njia. Nataka tuitumie methali hii kama mizani, tupime kwayo jambo moja la zama zetu: kutoweka kwa kanda na diski za filamu majumbani, na kuenea kwa filamu zinazotiririshwa kwa intaneti.

Kwanza yatupasa kujua kanda ilileta nini. Kabla yake, mtu wa kawaida hakuweza kuwa na filamu kama awezavyo kuwa na kitabu. Aliiona katika jumba la sinema siku aliyoipenda mwenye jumba, kisha filamu ikaenda zake. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa kanda ya Betamax, na mwaka 1976 kampuni ya JVC ikatoa kanda ya VHS. Sasa mtazamaji aliweza kunasa picha za televisheni, kuziweka, na kuzirudia apendapo. Wakubwa wa filamu wa Marekani waliuogopa uwezo huo, wakaushtaki. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi ile, na mwaka 1984 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba mtu kunasa kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Swali lililogombewa siku zile ndilo lililo mbele yetu leo: ni nani aamuaye filamu itazamwe lini, na mara ngapi?

Baada ya hukumu hiyo biashara ya kanda ilistawi. Maduka ya Blockbuster, yaliyoanza Dallas mwaka 1985 kwa kukodisha kanda, yalizidi 9,000 ilipofika mwaka 2004. Diski za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, zikaishinda kanda kwa wepesi na kwa usafi wa picha. Netflix, iliyoundwa mwaka 1997, ilianza mwaka 1998 kupeleka diski kwa wateja kwa njia ya posta. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilianza kutiririsha filamu kwa intaneti, na hapo upepo ukageuka. Blockbuster ilifilisika mwaka 2010. Ilipofika mwaka 2019 duka moja tu lilikuwa limesalia ulimwenguni, katika mji wa Bend, Oregon. Tarehe 29 Septemba 2023 Netflix yenyewe ilipeleka diski zake za mwisho, baada ya kutuma zaidi ya bilioni 5. Mtoto aliyezaliwa na diski alikua, akaiaga.

Mhakiki mwadilifu hana budi kumpa kila mmoja haki yake, basi na tuusifu msala kwa uzuri wake. Kanda ilikuwa nzito, ghali, na yenye kudai mashine ghali zaidi. Diski ilikwaruzwa na mchanga wa vidole vya watoto. Mwanafunzi aishiye mbali na mji hakuwa na duka la kukodi, na mara nyingi alichokipata sokoni kilikuwa nakala ya wizi, yenye picha hafifu na sauti ya kukoroma. Tangu Januari 2016, Netflix ilipofunguliwa Kenya na katika nchi nyingine nyingi kwa siku moja, mwenye simu na uwezo wa kulipia data ameweza kuona filamu za Korea, za Nigeria na za Afrika Kusini pasipo kuinuka kitini. Tena watengenezaji wa filamu wa Afrika wamepata watazamaji ambao diski zao zisingewafikia kamwe. Mtu asemaye kwamba mambo hayo ni bure hasemi kweli.

Lakini msala huu wapita, na ushahidi wa kupita kwake si haba. Mwaka 2021 Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android nafasi ya kutazama baadhi ya filamu bila malipo. Novemba 2023 nafasi hiyo ikaondolewa. Haukuwa uonevu, maana aliyetoa alikuwa na haki ya kuacha kutoa. Tazama na hili: tamthilia ya *Westworld*, iliyotengenezwa na HBO kwa gharama kubwa, iliondolewa Desemba 2022 katika huduma ya HBO Max, yaani nyumbani kwa mama yake mwenyewe. Aliyekuwa na diski zake aliendelea kuitazama. Aliyelipa ada ya mwezi aliona mahali patupu. Hata anayebonyeza neno "nunua" hanunui daima. Huko California sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yawataka wauzaji wa vitu vya kidijitali wamweleze mteja waziwazi pale ambapo anachopewa ni ruhusa ya kutumia tu, iwezayo kuondolewa. Sheria haitungwi kumwonya mtu juu ya jambo analolijua. Ilitungwa kwa kuwa wengi waliamini kwamba wamenunua.

Huenda ukauliza, "Filamu ikiondoka, yanidhuru nini, na zingine elfu zimebaki?" Jawabu langu ni la mhakiki. Kazi ya sanaa haifahamiki kwa kutazamwa mara moja. Shairi ulisomalo darasani hulisoma mara ya pili na ya tatu. Mara ya kwanza wasikia sauti yake, mara ya pili waona maana, mara ya tatu waona jinsi maana ilivyofumwa. Filamu nayo ni hivyo hivyo. Diski ilimwezesha mtazamaji kusimamisha picha, kurudi nyuma, na kuuliza kwa nini kamera imesimama hapa na si pale. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilipotoa filamu ya *King Kong* ya mwaka 1933 katika diski kubwa ya leza, iliongeza sauti ya mtaalamu Ronald Haver, aliyeeleza jinsi filamu ilivyotengenezwa huku picha zikiendelea kupita. Desturi hiyo ilienea katika DVD, na watu wengi ambao hawakuingia chuo cha sinema walijifunza kwayo kutazama. Katika huduma nyingi za kutiririsha maelezo hayo ni nadra. Tena filamu moja haijamaliza kutaja majina ya waliofanya kazi, nyingine yaanza kwa hiari yake. Huko ni kula pasipo kutafuna. Mtazamaji hushiba, lakini haujui utamu wa alichokula.

Kuna na hasara iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya kumbukumbu. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza filamu ya *Nosferatu*, akitumia kisa cha *Dracula* pasipo ruhusa. Mjane wa mwandishi alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala ziharibiwe. Twaitazama leo kwa sababu baadhi ya nakala zilikuwa zimekwisha kuvuka mipaka. Na hapa Afrika kuna mfano mwingine. Shirika la BBC lilifuta kanda nyingi za tamthilia yake ya *Doctor Who* ya miaka ya 1960, likidhani hazina kazi tena. Lakini nakala zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya televisheni vya nchi nyingine, na mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyohesabiwa kuwa vimepotea vimeonekana katika mji wa Jos, Nigeria. Chumba cha kuwekea vitu, chenye vumbi, kilihifadhi kile ambacho shirika kubwa la London lilishindwa kukihifadhi. Kitu kilichomo katika mikono mingi hakiuawi na mkono mmoja. Kitu kilichomo katika ghala moja chaishi kwa hiari ya mwenye ghala.

Sasa fikiri juu ya filamu zetu wenyewe, kwa maana hapa jambo hili latugusa zaidi kuliko liwagusavyo watu wa Ulaya. Filamu zao kuu zina mikanda ya sinema katika maghala ya serikali na ya makampuni. DVD kwao ilikuwa nakala. Kwetu, mara nyingi, kanda na diski ndiyo asili yenyewe. *Living in Bondage* ya mwaka 1992, inayotajwa kuwa chimbuko la biashara kubwa ya filamu za Nigeria, ilitengenezwa kwa video na kuuzwa katika kanda za VHS. Jijini Nairobi filamu za bei nafuu, nyingi zikiwa za lugha za Kikenya, ziliuzwa katika diski kandokando ya barabara ya River Road, hata watu wakaziita Riverwood. Tena walikuwapo wasimulizi, kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, ambao walitia maneno ya Kiswahili na mizaha yao juu ya filamu za kigeni. Mara nyingi kazi ya namna hiyo ilifanywa bila ruhusa ya wenye filamu, na wizi hausifiwi. Lakini sauti ya msimulizi ilikuwa sanaa ya masimulizi yetu. Kama haikuwekwa katika diski fulani, ndani ya kabati fulani, huenda haiko popote.

Hapa mtu mwenye busara aweza kunipinga kwa nguvu. Atasema, "Wasifu kanda, na kanda huoza." Ni kweli. Methali nyingine yasema akiba haiozi, lakini aliyeitunga hakuona kanda ya VHS iliyokaa miaka 20 katika unyevu wa Mombasa au wa Lamu: ukungu huila, sumaku yake hufifia, na picha hugeuka mvua nyeupe. Mashine nazo zatoweka. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha Julai 2016. Mtu aliye na kanda bila mashine ni kama mwenye kisanduku bila ufunguo. Basi kumiliki peke yake hakutoshi. Mbacha usiotunzwa huliwa na mchwa, na mwenyewe akabaki akilala juu ya udongo.

Lakini pingamizi hili, likipimwa vizuri, lanisaidia badala ya kuniangusha. Aliye na kanda inayooza ana jambo la kufanya: aweza kutafuta mashine, kuomba ruhusa ya mwenye kazi, na kuihamishia katika chombo kipya kabla haijafa. Aliye na ada ya mwezi tu, filamu ikiondolewa, hana la kufanya ila kunung'unika. Ndiyo maana husemwa kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na makampuni haya si ndugu zetu hata kidogo.

Sikushauri, msomaji kijana, uvunje simu yako na kurudi katika zama za kanda. Msala ukipita karibu nawe, salia juu yake na ushukuru. Nakushauri mambo matatu tu. La kwanza, filamu iliyokugusa itazame mara ya pili, uandike ulichokiona, ili angalau fahamu yake iwe mali yako. La pili, kazi uionayo kuwa bora, na hasa kazi ya nchi yako, inunue kihalali katika umbo liwezalo kushikwa, maadamu bado lauzwa. La tatu, uliza nyumbani. Katika nyumba nyingi za Kenya kuna kasha chini ya kitanda au juu ya kabati, lenye kanda za arusi, za maulidi, za kwaya, za mazishi ya babu, na za filamu zilizochezwa na watu wa mtaani. Hakuna kampuni ya California itakayokuja kulitafuta kasha hilo. Lifungue, ufute vumbi, uandike juu ya kila kanda jina na mwaka, kisha utafute mtu mwenye mashine izungukayo bado. Usikawie, kwa maana wenye mashine hizo wanapungua kila mwaka.