Mfululizo Ulio Bora katika Hadithi za Picha za Mashujaa: Kuhusu Fantastic Four, Toleo la 44 hadi la 51

Wasomaji wa hadithi za picha za mashujaa wa Kimarekani wana ubishi wao wa tangu zamani: ni matoleo yapi yanayofuatana, bila kuruka hata moja, yanayopita mengine yote kwa ubora? Wataalamu wa fasihi huudharau ubishi huo, wakiuona ni wa vijana na wa wakusanyaji wa majarida. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo sisi tunaofundisha fasihi hatujalijibu vizuri, yaani namna ya kuihakiki kazi isiyo na mwisho. Riwaya ina jalada la mbele na la nyuma. Tamthilia hufikia pale pazia linapoteremshwa. Lakini Fantastic Four, jarida la kampuni ya Marvel ambalo toleo lake la kwanza lina tarehe ya Novemba 1961, liliendeshwa na Stan Lee na Jack Kirby kwa matoleo 102 mfululizo, na Kirby alipoondoka mwaka 1970 wengine walilipokea wakaendelea nalo. Hakuna awezaye kusema ameisoma hadithi hiyo mpaka mwisho wake. Mhakiki hana budi kukata, na pale anapokata ndipo uhakiki wake unapoanzia.

Jambo hili si geni kwetu Kongo. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ulisimuliwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 kwa muda wa siku 12. Rureke mwenyewe alieleza kwamba hakuwahi kabla ya hapo kuusimulia wote kwa kuunganisha siku kwa siku. Kwa kawaida hadhira husikia kipande kimoja jioni moja, na kingine siku nyingine. Kwa hiyo kile tunachokiita leo «utenzi mzima» ni matokeo ya mkutano wa fanani na watafiti. Hatusemi kwamba Mwindo na mashujaa wa New York ni ndugu. Wanaofanya ulinganisho wa namna hiyo huishia kuhesabu nani anaruka angani na nani anashuka kuzimu. Tunachosema ni kwamba kipande na mfululizo ni vipimo viwili tofauti vya kazi moja, na kwamba anayechagua mfululizo anashiriki kidogo katika kuutunga.

Ushindani upo. Wengi huchagua Daredevil, toleo la 227 hadi la 233 (Februari hadi Agosti 1986), lililoandikwa na Frank Miller na kuchorwa na David Mazzucchelli, ambamo mwanamke mraibu wa dawa za kulevya anauza jina la siri la shujaa kwa ajili ya sindano moja, na adui yake anamvua kazi, nyumba na akili, kimoja baada ya kingine. Kwa ufundi wa kusuka matukio sidhani kama lipo jarida la mashujaa linaloishinda kazi hiyo. Lakini hiyo ni riwaya fupi iliyokatwa vipande saba. Ilianza ikijua itakapoishia. Wengine hutaja X-Men ya Chris Claremont na John Byrne, toleo la 129 hadi la 137 (1980). Nguvu ya mfululizo huo hutegemea kifo cha Jean Grey katika toleo la mwisho, na kifo hicho kampuni ilikitangua mwaka 1986. Mtu anaweza kusema kwamba kosa la baadaye halichafui kazi ya awali. Pengine. Ila msomaji wa leo hawezi kulia kama alivyolia yule wa 1980. Kuhusu Spider-Man wa Steve Ditko, toleo la 31 hadi la 33, sina la kupinga isipokuwa ufupi wake.

Kipimo changu ni hiki: mfululizo bora ni ule ambao ubora wake unatokana na kule kufuatana kwenyewe. Kila toleo liuzwe peke yake kwa senti 12, lijieleze kwa mtoto aliyelinunua bila kuyajua yaliyotangulia, na bado liwe na deni kwa lililopita na likope kwa lijalo. Kwa kipimo hicho nachagua Fantastic Four kuanzia toleo la 44 (Novemba 1965) hadi la 51 (Juni 1966), miezi minane bila pengo.

Tuanze na jambo ambalo wachapishaji wenyewe wamelipotosha. Hadithi ya Galactus, yule jitu anayekula sayari, kwa kawaida huchapishwa upya kama «utatu», yaani toleo la 48, la 49 na la 50. Anayefungua toleo la 48 akitarajia mwanzo atashangaa kukuta kurasa za kwanza zinamalizia hadithi nyingine kabisa. Watu wa Black Bolt, jamii ya viumbe waliojificha mbali na binadamu, wanafungiwa ndani ya ukuta usiopenyeka na ndugu mwenye wazimu, na kijana Johnny Storm anabaki nje huku Crystal, msichana aliyempenda, akiwa ndani. Ndipo, katika toleo hilohilo, mashujaa wanarudi nyumbani na kuikuta mbingu ya New York ikiwaka moto, kisha ikifunikwa na mawe. Upande wa pili, toleo la 50 linamwondoa Galactus duniani kabla kurasa hazijaisha, na zilizobaki zinampeleka Johnny chuoni, ambako anakutana na Wyatt Wingfoot, mwanafunzi wa asili ya Wahindi Wekundu.

Wahakiki kadhaa wameita huko ni kukosa mpango. Mimi naona ndiko kwenye siri ya kazi hii. Katika riwaya za kawaida za maangamizi dunia yote husimama kungojea. Hapa haisimami. Johnny aliingia katika vita vya Galactus akiwa na huzuni ya mapenzi, akatumwa nje ya sayari kuchukua silaha, akarudi ametetemeka kwa kuona kwamba mbele ya ukubwa ule sisi ni sisimizi tu. Na wiki chache baadaye anabeba vitabu kwenda darasani, huzuni yake ikiwa bado pale pale. Kama toleo la 48 lingeanza na mbingu inayowaka, na la 50 likaishia na kuondoka kwa Galactus, tungekuwa na hadithi nzuri ya maangamizi. Kwa kuwa pingili hazilingani na mipaka ya matoleo, tuna kitu kinachofanana zaidi na maisha ya watu: shida moja haingojei nyingine iishe.

Lazima tuseme pia ni nani aliyetunga, maana hapa mabishano yamekuwa makali hata kufika mahakamani. Katika utaratibu wa Marvel wa miaka ile, Lee na Kirby walizungumza kwa ufupi juu ya kisa, Kirby akaenda nyumbani kuchora kurasa zote 20, akiamua mwenyewe mwendo wa matukio, kisha Lee akaandika maneno katika viputo. Lee amekiri mara nyingi kwamba kurasa za toleo la 48 zilipomfikia alimkuta ndani yake mtu wa rangi ya fedha akiruka angani juu ya ubao, ambaye hawakuwa wamemzungumzia. Kirby alikuwa ameamua kwamba jitu kama Galactus linahitaji tarishi wa kulitangulia. Ndivyo alivyozaliwa Silver Surfer. Kirby alifariki mwaka 1994, na mzozo kati ya warithi wake na kampuni ulimalizwa kwa mapatano mwaka 2014, jina lake likaanza kuandikwa kama linavyostahili. Lee alifariki mwaka 2018.

Kwa mhakiki, hata hivyo, jibu la mahakama halitoshi. Ukiyafunika maneno kwa karatasi, hadithi inaendelea kueleweka. Huo ni ushahidi kwa Kirby. Wino wa Joe Sinnott, aliyejiunga nao moja kwa moja katika toleo la 44, ndio uliofanya chuma king'ae na mwamba uwe mzito, na si bure kwamba tunaanza kuhesabu hapo. Lakini ukiyafunua maneno tena unasikia jambo ambalo michoro haiwezi kulifanya. Silver Surfer anasema lugha ya juu, yenye mwendo wa nabii. Ben Grimm, yule aliyegeuka mwamba, anasema lugha ya mitaa maskini ya New York, mitaa ya aina ile ile ambako Kirby alilelewa. Katika toleo la 49 tarishi anaangukia katika chumba cha Alicia, kipofu afinyangaye sanamu, na kwa mazungumzo tu, pasipo ngumi hata moja, anaanza kuwahurumia watu aliokuja kuwatoa wawe chakula. Tukio hilo lingekuwa upuuzi kama lugha yake ingekuwa sawa na ya Ben.

Hapa liko suala linalotuhusu sisi katika idara za Kiswahili. Wanafunzi wetu wengi wakisoma hadithi hizi huzisoma kwa Kifaransa, lugha ambayo Silver Surfer alianza kusemeshwa na kampuni ya Lug ya Lyon, ile iliyoanzisha jarida la Fantask mwaka 1969 na kulazimika kulifunga baada ya matoleo saba kwa sababu ya tume ya udhibiti. Ikiwa siku moja mtu atazifasiri kwa Kiswahili, atampa Ben Grimm lugha gani? Akitumia Kiswahili sanifu kwa wote wawili, Ben atakufa ukurasa wa kwanza. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho bado wapo wanaokiona ni kasoro ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, ndicho kinachoweza kumbeba: kina ukali, kina mzaha, na kinajua kuficha uchungu ndani ya mzaha. Kiswahili sanifu nacho kingepata kazi yake kwa tarishi wa mbinguni. Tungekuwa na matini moja ambamo lugha zote mbili zinahitajiana, jambo ambalo mijadala yetu ya miaka mingi haijaweza kulionyesha.

Kasoro zipo, na si ndogo. Sue, mwanamke pekee kati ya wale wanne, ana uwezo mkubwa kuliko wa mumewe, lakini katika matoleo haya kazi yake kubwa ni kuhangaika na kumkumbusha mume kwamba yupo. Suluhisho la vita vya Galactus nalo ni hafifu: kifaa kidogo kinachoweza kufuta kila kitu, ambacho hakuna aliyekitaja kabla, kinaletwa kutoka mbali, na Reed Richards anakishika mkononi kama tishio. Mtu anaweza kukumbuka makombora ya Cuba ya mwaka 1962 na kusema kwamba watu wa wakati ule waliifahamu amani ya namna hiyo. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayaondoi ukweli mwingine kwamba watunzi walikuwa wamejifungia wakahitaji mlango. Kinachookoa toleo la 50 ni bei inayolipwa: Silver Surfer, aliyemsaliti bwana wake kwa ajili yetu, ananyang'anywa anga na kufungwa katika dunia aliyoiokoa.

Kisha linakuja toleo la 51, na baada ya jitu lilao sayari tunapewa mtu mmoja amesimama katika mvua. Ben Grimm ameinamisha kichwa barabarani. Mtu asiyetajwa jina anamkaribisha ndani, anamlevya kwa dawa, anachukua umbo lake la mwamba na kwenda kuingia katika nyumba ya Reed Richards ili amwangamize, kwa wivu wa mwanasayansi asiyepata sifa. Reed anashuka katika anga nyingine, ambayo Kirby ameitengeneza kwa kubandika picha za kamera zilizokatwa, akifungwa kwa kamba ambayo adui yake ndiye anayeishika. Pale inapokuwa rahisi kabisa kumwacha afe, mtu yule anajitupa amwokoe, na anapotea yeye. Wakati huohuo Ben wa kweli, aliyepata tena sura yake ya kibinadamu, amefika mlangoni kwa Alicia kumposa. Mwizi anapokufa umbo la mwamba linamrudia Ben, naye anageuka na kuondoka bila kubisha. Hakuna maangamizi, hakuna mji unaobomoka. Sijui toleo jingine la mashujaa ambamo kurasa 20 zimebeba uzito kama huo, na uzito huo haungekuwepo kama mwezi mmoja kabla tusingeona mbingu zikifunguka.

Najua wanafunzi wangu watauliza kwa nini nisisogeze kisu hadi toleo la 53. Toleo la 52 (Julai 1966) ndilo lililomleta Black Panther, shujaa wa kwanza mweusi mwenye nguvu za ajabu katika majarida ya kampuni kubwa, mfalme wa nchi ya Kiafrika ya kubuni iitwayo Wakanda, na anayevunja mtego wake wa kuwawinda wageni ni Wyatt yule yule wa toleo la 50. Uzi upo, sikatai. Hata maudhui yanatugusa: mfalme anauawa na mgeni mwenye silaha kwa ajili ya madini yaliyo chini ya ardhi yake, na mtu aliyekulia kati ya mashimo ya Kolwezi na tanuri za Lubumbashi hahitaji maelezo ya ziada. Lakini kisa hicho kikubwa kinasimuliwa kwa haraka mno katika toleo la 53, kama kumbukumbu ya mfalme mbele ya wageni wake, na kinaishia katika pigano la kawaida na mwuaji. Msitu wa mashine wa toleo la 52 ni mchoro wa ajabu. Watu wa Wakanda wenyewe hatuwasikii. Kuupa alama ya juu kwa sababu unatuhusu kungekuwa kuushusha, na Black Panther amepata baadaye watunzi waliompa nafasi aliyonyimwa hapo. Ukuta uliowafungia watu wa Black Bolt nao hauvunjwi hadi toleo la 59, na anayefuata uzi wa Johnny na Crystal atajikuta huko kabla hajajua. Mimi nakata pale Ben anapoondoka mlangoni.