Sifa ya Boksi Lisilotetemeka

Fundi ninayemsifu hapa ana kibanda Keko, Dar es Salaam, mstari mmoja na maseremala wa vitanda na makabati. Mteja akifika na kusema anataka spika za sebuleni pamoja na sabufa, mzee hamwonyeshi kitu. Humuuliza kwanza: chumba kina futi ngapi, sakafu ni vigae au sementi, juu kuna dari au mabati matupu, unakaa upande gani ukisikiliza, na unasikiliza nini. Swali hili la mwisho ndilo huwakwamisha watu. Wengi hujibu, "Nyimbo zote tu, fundi." Hapo hutikisa kichwa, maana mpenzi wa taarabu asilia, ya fidla na ganuni, hahitaji anachohitaji mtu wa rumba ya Kongo, na wote wawili hawana haja ya kile anachokitafuta anayetaka mtaa mzima ujue kwamba mshahara umetoka.

Baada ya maswali huja kugonga. Hulishika boksi na kuligonga kwa kifundo cha kidole, mbele, ubavuni, mgongoni, sikio likiwa karibu. Boksi likiitikia kwa mlio mrefu, huliweka chini bila neno. Imani yake ni moja: katika spika, kinachopaswa kucheza ni ile karatasi ya mbele inayosukuma hewa, peke yake. Ubao ukicheza nao, utaimba wimbo ambao mwanamuziki hakuutunga. Kwa hiyo mbavu za maboksi yake zimekazwa kwa ndani kwa vipande vya mbao, pembe zimejazwa gundi, na tumboni kumetiwa sufi. Mninga anausifu kwa vitanda. Kwa spika huchagua plaiwudi nzito ya robo tatu inchi, kwa sababu mbao nzima hujikunja msimu wa mvua, na ufa usioonekana kwa jicho sauti huuona. Wahenga walishatuambia habari za debe tupu. Hawakuwahi kuliona likiuzwa Kariakoo likiwa na rimoti na taa za rangi rangi.

Nimesimama kwenye maduka hayo ya Kariakoo nikawasikia vijana wakinadi. Katoni imeandikwa wati 5,000, nyingine 10,000, na mnunuzi anahesabu sifuri kana kwamba ananunua kiwanja. Mzee wa Keko angeligeuza boksi nyuma na kusoma maandishi madogo kwenye kibati, yale yanayosema chombo kizima kinakula wati 60 au 80 kutoka ukutani. Wati hazizaliani njiani kati ya soketi na spika. Tena, hata zingekuwapo, zisingefanya kazi ambayo watu wanadhani zinafanya: ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, nyongeza ndogo, na ili sikio likubali kwamba sauti sasa ni maradufu unahitaji wati mara 10 hivi. La kuuliza dukani ni spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Yenye 90 itafanya kwa wati 10 kile ambacho yenye 84 itakifanya kwa wati 40. Muuzaji ukimwuliza hivyo anakutazama kama umekuja kukagua kodi.

Wauzaji wana hila nyingine, ya zamani. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti nene pale zinapopigwa kwa nguvu ndogo. Sauti ikipandishwa, besi hujitokeza yenyewe. Basi muuzaji akitaka uchukue spika fulani, huipiga kwa nguvu kidogo kuliko jirani yake, nawe unatoka ukiapa kwamba ile ina mdundo. Fundi wetu hufanya kinyume. Huzilinganisha zote kwa sauti ya chini, sauti ya mazungumzo, na anachokisikiliza kwanza ni mtu anayeimba. Kama maneno hayasikiki yote, spika imeshindwa, hata ikiweza kung'oa dirisha.

Lakini kazi yake ambayo siwezi kuisahau ni ya kutafuta mahali pa sabufa. Hufika nyumbani kwa mteja, akaibeba sabufa na kuipandisha kwenye kochi, pale pale anapokaa mwenye nyumba. Huweka wimbo wa dansi wenye gitaa la besi linalotembea. Kisha mzee mwenye mvi, kofia kichwani, hupiga magoti na kutambaa kandokando ya ukuta, sikio usawa wa chini, pole pole, akisimama kila hatua. Watoto wa nyumba huvunjika mbavu kwa kucheka. Yeye hana habari nao. Anatafuta mahali ambapo kila noti ya besi inasikika kwa usawa, hakuna inayonguruma na hakuna inayomezwa. Akipapata, huweka alama ya chaki sakafuni, husimama akijishika kiuno, na kusema, "Ileteni hapa, wanangu." Njia ya sauti kutoka kwenye kochi hadi pale chini ni ile ile ya kutoka pale hadi kwenye kochi, ikisikika vizuri upande mmoja, itasikika vizuri upande wa pili.

Kwa nini atambae? Kwa sababu besi haikai chumbani kama sauti nyingine. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na kitu. Sebule zetu nyingi hazina mita hizo. Uzi unaofuata una mitetemo 55, na nusu ya wimbi lake ni mita 3 na kidogo, yaani upana hasa wa chumba cha futi 10. Noti hiyo ikiingia humo, kuta mbili hurushiana, ikavimba mpaka inafunika nyingine zote. Ndiyo maana sabufa iliyosukumwa kwenye kona, mahali ambapo karibu kila mtu huisukuma ili isiwe njiani, hupiga kelele moja kwa kila wimbo. Mwenye nyumba hulaumu chombo. Anayepaswa kulaumiwa ni kona, pamoja na madirisha ya alumini yanayotetema. Vigae vinavyong'aa navyo huongeza mwangwi wa sauti nyembamba; zamani mkeka, mapazia mazito na makochi ya sponji vilikuwa vinatusaidia hapo bila sisi kujua.

Kanuni yake ya mwisho ni kwamba sabufa nzuri haionyesheki kwa kidole. Huikata isipande zaidi ya mitetemo 80 hivi, kwa kuwa chini ya hapo sikio halijui sauti inatoka upande gani. Ukifumba macho ukaweza kusema "iko pale", haijapangwa sawasawa.

Nilijifunza kusikiliza kabla ya kuyajua haya. Baba yangu mdogo, Tanga, alikuwa na spika mbili za mbao sebuleni, ndefu kufika kiunoni, juu yake vitambaa vyeupe vya kufuma. Watoto tulikatazwa kuzigusa, lakini Jumapili jioni tuliruhusiwa kukaa mkekani. Alizitukuza bendi za mji wake, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, akazipenda kama mtu anavyopenda timu yake, ingawa mkusanyiko wake ulikuwa na Mbaraka Mwinshehe na Mlimani Park pia. Kulikuwa na sheria: wimbo ukianza, hakuna mtu kuzungumza mpaka sebene liishe. Akituinamia alikuwa akituambia, "Mwacheni mwimbaji. Mfuateni anayepiga besi." Nasi tulimfuata, tukimwona kabisa akishuka na kupanda, akimsubiri mpiga ngoma, akimkwepa mwenye rizimu. Zile spika hazikutikisa hata glasi kabatini. Sauti haikuvuka uani. Hata hivyo sijawahi tena kulisikia gitaa la besi likiwa na vidole ndani yake namna ile.

Besi hiyo tumeipata juzi tu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, waliomsikia huku nyumbani kwa gramafoni za pembe walipata sauti yake na fidla, sauti nene zikabaki kulekule. Wakati huo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walikuwa wameshachapisha, mwaka 1925, muundo wa spika ya koili ndani ya sumaku ikisukuma karatasi, na ndio uliomo hata katika kisabufa cha bei ya chini kabisa leo. Mwaka 1954 Edgar Villchur akatoa boksi dogo lililofungwa kabisa, hewa iliyonaswa ndani ikiwa ndiyo springi ya karatasi. Wengine walitoboa tundu na kutia bomba, ambalo urefu wake hupimwa ili lisaidie besi kushuka. Bomba likikatwa bila hesabu, kila noti huwa noti moja. Sabufa za madukani ni za tundu karibu zote, na hesabu sijui nani aliifanya.

Ufundi huu una upande wa tiba pia. Sponji la pembeni ya karatasi, hasa katika spika za miaka ya 1970 na 1980, huoza, na hewa ya pwani haina huruma. Ukiligusa linasagika vidoleni. Mzee hukwangua mabaki, hubandua kifuniko cha katikati, akachomeka vipande vya filamu ya eksirei kuzunguka koili ili ikae katikati ya sumaku, mahali ambapo nafasi haifiki milimita moja. Hubandika pambizo jipya, la mpira kama amelipata, na kuliacha lilale usiku mzima. Asubuhi huchomoa vipande, huisukuma karatasi kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, akisikiliza. Ikikwaruza, anaanza upya na hamtozi mteja mara ya pili.

Kazi hiyo haina wateja wengi tena. Seti za sasa zimegundishwa kwa namna ambayo ukizifungua unazivunja, na zikiungua, mwenyewe hununua nyingine yenye sifuri moja zaidi. Vijana waliokaa naye wamehamia kwenye simu, na siwalaumu, simu zinalipa kila siku. Ninaowalaumu ni sisi tunaonunua muziki kwa macho, tukasifu chombo kwa jinsi kinavyotikisa bati la jirani, kisha tukalalamika kwamba nyimbo za siku hizi hazina utamu.

Kama nyumbani kwenu kuna spika za mbao za marehemu mzee, zimewekwa stoo na karatasi zimepasuka, msiwape wanunuzi wa vyuma chakavu wanaozipima kwa kilo ili wachukue sumaku na shaba. Zipelekeni kwa fundi wa aina hii mkiwa bado mnaweza kumpata, na mchukue wimbo mnaoujua vizuri wa kumpigia.