Kasha la Pinboli Hutengenezwa Kuanzia Ndani

Mashine kuukuu za pinboli zilizoundwa Chicago na kampuni kama Gottlieb, Bally na Williams humfikia fundi zikiwa na ugonjwa uleule: rangi imechubuka, kona zimepasuka. Mwenye mali huiona rangi kwanza, na fundi mwenye haraka humfuata hukohuko. Hapo ndipo kazi huharibika. Kasha linashikilia mashine ya takriban kilo 100, nyingine zaidi, na mchezaji huisukuma huku na huku ili kuuelekeza mpira wa chuma. Kabla ya kuuliza rangi gani inunuliwe, inafaa kuuliza uzito huo unapita wapi hadi kufika sakafuni.

Unapita kwenye kona. Kila mguu wa chuma hufungwa kwa bolti mbili zinazoingia kimshazari kwenye ncha ya kona, palepale ubao wa ubavuni unapokutana na ubao wa mbele au wa nyuma. Kwa ndani, kiungo hicho mara nyingi huimarishwa kwa kipande cha mti cha pembetatu kilichopakwa gundi, pamoja na bamba la chuma linalopokea bolti. Mashine ikiburutwa badala ya kunyanyuliwa, mguu hufanya kazi ya mtaimbo: bolti hulegea, kipande cha pembetatu hubanduka, na tabaka za plaiwudi ya milimita 19 huanza kuachana. Ikiwekwa stoo yenye unyevu, maji hupanda kutoka kwenye ubao wa chini na kumalizia kazi. Kumbe mpasuko unaoonekana nje ni matokeo tu; chanzo kiko ndani.

Ndiyo maana matengenezo mazuri huanzia huko. Miguu hung'olewa, vifaa vyote hutolewa, na kasha huachwa likauke kabisa, kwa sababu gundi haishiki mbao mbichi. Tabaka zilizoachana hufunuliwa kidogo kwa kisu chembamba, gundi ya mbao husukumwa ndani kwa bomba la sindano, kisha ubao hubanwa kati ya vipande viwili vilivyonyooka, vikiwa vimefunikwa nailoni ili visigandamane nao. Kabla gundi haijakauka, fundi hupima kasha kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, kasha limekwenda upande na lazima linyooshwe saa ileile. Palipooza hukatwa hadi kufikia mbao nzima, na kiraka cha plaiwudi ya unene uleule huingizwa, nyuzi zake zikifuata mwelekeo wa zile za zamani. Mwisho hurudishwa kipande kipya cha pembetatu.

Wapo watakaosema puti ya wapiga bodi hufanya haya yote kwa nusu saa. Kujaza tundu na kulainisha uso inaweza, na hapo ina nafasi yake. Lakini puti haina nyuzi, na bolti inayovutwa na mguu huitaka mbao ivumilie kuvutwa. Puti iliyobeba mguu itapasuka, tena ikiwa na rangi mpya juu yake.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini lisiundwe kasha jipya? Plaiwudi ipo, na seremala hodari atalikata upesi. Pale ambapo ubavu mzima umegeuka unga, hoja hiyo ina haki. Ila rangi ya makasha mengi ya zamani ilipulizwa kupitia stensili, na kingo zake zenye ukungu kidogo ni ushahidi wa namna kiwanda kilivyofanya kazi. Kasha jipya haliwezi kuwa nao. Nguvu ikirudishwa kutoka ndani, sehemu kubwa ya rangi hiyo husalimika, na kinachobaki kupakwa ni kona na viraka tu. Michoro ya sehemu hizo hunakiliwa kwenye karatasi angavu kabla msasa haujagusa kitu. Rangi sahihi nayo hutafutwa chini ya reli za chuma za ubavuni na nyuma ya miguu, ambako jua halikufika; kisha huchujushwa kidogo ilingane na jirani yake iliyopauka. Viraka vitaonekana kwa anayetazama kwa karibu, na hilo si aibu: kasha litabeba mzigo wake, na historia yake haitakuwa imefutwa kwa msasa.