Katekini: Kutoka Jani la Chai hadi Mshipa wa Damu

Dhahabu iliyoyeyushwa majini kama chumvi hurudi kuwa metali inapopewa elektroni. Tangu 1951 maabara nyingi zimetumia sitrati kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 kundi la Kattesh Katti katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, lilionyesha kwamba chai inatosha. Majani ya Darjeeling yalikorogwa ndani ya maji yenye chumvi ya dhahabu, bila kuchemshwa, na kwa dakika chache umanjano hafifu ukageuka wekundu wa zambarau. Chembe za dhahabu zenye upana wa makumi machache ya nanomita hunyonya mwanga wa kijani. Ndiyo maana rangi hiyo huwa dalili ya kwanza kwamba zimeumbika.

Kinachotoa elektroni hasa ni katekini, kemikali ya asili iliyo ndani ya jani la chai. Ikishatoa, hung'ang'ania uso wa chembe na kuzizuia zisigandamane.

Chai ya Kericho na Bomet, Kenya, ina katekini tele ingali shambani, majani mawili na chipukizi. Hasara huanzia kiwandani. Mashine za CTC, za kuponda na kurarua majani, hupasua seli, kimeng'enya hukutanisha katekini na oksijeni, na sehemu kubwa yake hugeuka theaflavini na thearubijini, zile zinazoipa chai ya Kenya wekundu wake. Mnunuzi hufurahi, lakini mkemia anayetafuta katekini afadhali apate jani lililopigwa mvuke mapema. Aina ya TRFK 306, chai ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa Kericho, huongeza anthosianini, rangi za asili ambazo nazo hutoa elektroni kwa urahisi.

Chembe hizo zikikusudiwa kuwa dawa, kwenye damu mambo huwa magumu. Hufunikwa na protini mara moja, kisha ini na wengu huzimeza. Zilizo chini ya takriban nanomita 6 huchujwa na figo. Mwaka 2012 kundi la Katti lilikwepa njia ya damu: dhahabu yenye mnururisho, iliyovikwa katekini iitwayo EGCG, ilidungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe wa saratani ya tezi dume katika panya. Baada ya siku 28, uvimbe ulikuwa mdogo kwa karibu asilimia 80 kuliko wa panya wasiotibiwa.

Katekini nayo hushikamana na protini, na tabia hiyo huonekana hata kikombeni. Mwaka 2007, katika hospitali ya Charité, Berlin, wanawake 16 waliokoma hedhi walikunywa nusu lita ya chai. Strungi, yaani chai isiyo na maziwa, ilifanya mshipa wa mkono utanuke vizuri zaidi. Ilipotiwa asilimia 10 ya maziwa yasiyo na mafuta, faida hiyo ilitoweka, na watafiti wakaitaja kaseini, protini ya maziwa, kuwa chanzo. Habari hiyo si nzuri kwa sufuria ya Bomet, ambamo maziwa na majani huchemka pamoja. Hata hivyo jaribio lilikuwa dogo, vipimo vilichukuliwa saa mbili tu baada ya kunywa, na tafiti nyingine kuhusu maziwa hazikukubaliana nalo zote.